Mama Simu Haendi Nyumbani

Mkurugenzi alitangaza habari ile kama mtu anayesema chai imeiva. Mwisho wa mwezi laini ya simu ya mezani itakatwa, kwa kuwa hailii tena, na mama yetu mpendwa wa mapokezi "atapata nafasi ya kupumzika nyumbani na wajukuu." Watu wakapiga makofi. Hawakuwa na ubaya wowote. Ofisini kwetu mtu akimaliza kusema na kukaa, sisi tunapiga makofi, hata kama ametangaza msiba. Mama Simu peke yake hakupiga. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani, akimtazama Mkurugenzi kama unavyomtazama mtoto aliyekojolea godoro la mgeni.

"Wajukuu gani?" akauliza. "Wangu wote wana ndevu."

Watu wakacheka, kikao kikafungwa. Mimi sikucheka.

Niwaeleze kidogo. Shirika letu hukusanya viti vya magurudumu vilivyochoka, kuvitengeneza na kuwaazima watu wasioweza kununua. Viti, magongo, vyuma vya wazee vya kutembelea. Ofisi ni nyumba ya familia iliyogeuzwa: sebule ndiyo mapokezi, jikoni ndiko karakana ya Fundi, na chumba kikubwa chenye dirisha mbele na nyuma ndicho cha Mkurugenzi. Kwa miaka mingi mtu akitaka kiti alipiga simu, na aliyepokea ni yule mama. Jina lake la kuzaliwa sijui nani alilijua, hata mumewe akija kumfuata jioni alisimama getini akauliza, "Mama Simu ametoka?"

Halafu nikaletwa mimi. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mitumba sokoni. Napanda juu ya meza, simu mkononi, nawaonyesha nguo watu wa mtandaoni, na mtu wa mbali ananunua gauni kabla aliyesimama mbele yangu hajalipapasa. Dada mmoja wa bodi alinunua koti kwangu, akanogewa na mdomo wangu, akasema huyu aje atufungulie ukurasa. Nikaufungua. Wananiita Kipaza, na si kwa sababu nanong'ona. Watu wakahamia kwenye ukurasa, simu ya mezani ikapoa kama jiko la juzi. Na sasa ukurasa nilioufungua kwa mikono yangu unamtoa kazini mtu pekee mle ndani aliyejua nani anaumwa nini, nani amegombana na mwanawe, na nani ukimpelekea kiti umpelekee mchana maana asubuhi ana hasira.

Nikajiambia: huyu mama haendi nyumbani. Ukurasa ule ule uliomtoa ndio utakaomrudisha.

Tatizo ni kwamba mle ofisini hakuna aliyeutaka ukurasa. Waliuchukulia kama sanduku la barua tu. Mtu akiuliza swali, mimi nalichapa kwenye karatasi, nampelekea Mkurugenzi, anaandika pembeni "jibu lifanyike," karani anachapa barua, inarudi inasainiwa, inagongwa muhuri, naipiga picha, naiweka chini ya swali. Msitudhanie wajinga. Huo ndio utaratibu uliolijenga shirika, na Mkurugenzi alikuwa anauamini kama watu wengine wanavyoamini dawa ya mizizi.

Mama mmoja aliandika, "Samahani, mna magongo ya mtoto?" Jibu likatoka baada ya siku kadhaa: Kumb. Na. hivi na hivi, Yah: Ombi Lako la Magongo ya Mtoto, Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Chini, saini na muhuri mwekundu.

Mtu akaandika hapo hapo, "Jamani, mwenzenu ameuliza magongo, mnampa hati ya kiwanja?"

Mkurugenzi alipoonyeshwa, akavua miwani. "Huyu ni nani? Ana cheo gani?"

"Ni mtu tu, bosi."

"Mtu tu hawezi kuandika kwenye barua yangu."

Ndiyo ofisi niliyokuwa nayo.

Nikaanza na Mama Simu. Nikavuta kiti hadi mezani kwake, kati ya ile simu nyeusi ya mezani na birika la maji, nikamwekea simu janja ya ofisi mbele yake.

"Mama, hebu angalia. Hawa wote ni watu wanapiga hodi."

"Wanapiga wapi? Mimi sisikii kitu."

"Wanaandika."

Akaisukuma kwa kidole kimoja kama anayesukuma sahani yenye nzi. "Mwanangu, mimi mtu namjua kwa pumzi. Akisema 'nataka kiti' huku anahema, najua amekimbia kupanda ngazi, mgonjwa yuko ghorofani, kiti kipana hakitapita. Akinyamaza kwanza, najua mgonjwa yuko pembeni anamsikiliza. Hapa kuna pumzi?"

"Hakuna, lakini unaweza kuuliza."

Siku hiyo akakubali kuandika. Alichapa herufi moja moja, ulimi nje kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano: "Habari yako mama unaendeleaje na hali." Kabla hajamaliza sentensi ya pili, yule mama aliyeandikiwa akajibu kwa vikatuni vitatu vya kucheka.

"Ananicheka?"

"Hapana, amefurahi."

"Mtu mzima akifurahi anasema amefurahi. Hatoi meno." Akafunga mkoba, akaenda kunawa mikono.

Karakanani nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Fundi alisema hataki kupigwa picha akiwa na grisi, watu watasema hana sabuni kwao. Mhasibu akasema yeye si msanii. Nikirudi nyumbani, na nyumbani kwangu hapakosi watu, shemeji, majirani na watoto wa majirani, nikiwasimulia wanacheka mpaka wanapaliwa. Mimi nacheka nao. Asubuhi naoga, natinga gauni, narudi.

Ndipo likaja lile la gurudumu.

Kijana mmoja, mshonaji wa nguo, aliweka picha ya mama yake kwenye ukurasa wetu. Mama mzee, kichwa kimefungwa bendeji, jicho limevimba. Pembeni ya picha, kiti chetu kimelala, gurudumu dogo la mbele liko peke yake kwenye vumbi. Ameandika: "Kiti mlichotuazima wiki iliyopita. Gurudumu limechomoka mama akiwa anatoka kuota jua. Asanteni sana shirika."

Hadi tunafungua ofisi watu walikuwa wameshajaa chini yake. Wauaji. Wanakula misaada. Chuma chakavu wanawapa wazee. Mmoja akaandika kwa kifupi tu, "Muhuri uko wapi leo?"

Mkurugenzi akaita kikao. Tukakaa sebuleni, wote, hata Fundi aliyekaa mwisho akiangalia viatu vyake. Rasimu ya kwanza ya barua ikaanza na "Tumesikitishwa na taarifa zilizosambaa." Rasimu ya pili ikafuta "tumesikitishwa," kwa sababu ukisema umesikitishwa umekiri. Ya tatu ikabaki na salamu tu. Mchana ukafika. Mkurugenzi akafuta jasho, akasema, "Nimefikiria. Ukurasa huu ufungwe. Ijumaa naipelekea bodi. Shirika liliishi bila huu ukurasa, litaishi."

Nikataka kusema, lakini Mama Simu akanitangulia.

"Na simu?"

"Simu tumeshaomba ikatwe, mama. Haipigwi."

"Kwa hiyo ukurasa unafungwa, simu inakatwa. Huyu mama mwenye bendeji akitaka kutuambia neno, atapanda juu ya paa apige kelele?"

Safari hii makofi hayakusikika.

"Nani amempa pole?" akauliza tena. Akatuzungushia macho, mmoja mmoja. "Tumekaa hapa tangu asubuhi, makaratasi kwa makaratasi. Nani amempa pole yule mama?"

Hakuna. Ndiyo jibu, hakuna.

Akainuka. Akanishika mkono, na ana mkono mzito, akanipeleka mezani kwake. "Lete hicho kisimu chako. Kuandika siandiki. Kinasema?"

"Kinasema, mama. Unabonyeza hapa, unaongea, ukimaliza unaachia, mimi naituma sauti."

"Inakwenda kwake?"

"Inakwenda kwake."

Akabonyeza, akaiweka sikioni. Hakuiweka mdomoni, aliiweka sikioni, kama mkono wa ile simu nyeusi. Akaanza.

"Haloo?" Akasubiri. "Haloo, mwanangu, ni mimi wa ofisi ya viti." Akasubiri. "Wewe si yule mshonaji wa nyuma ya kituo cha polisi, mama yako ana sukari na mguu unamsumbua?" Akasubiri, akatikisa kichwa. "Pole, baba. Pole sana. Mama yuko karibu? Mpe nimsalimie." Akanyamaza muda wa mtu kutoka uani na kuingia ndani. "Shikamoo, mama." Kimya. "Umeumia sana?" Kimya kirefu, yeye anaitikia, "Eeh... eeh... masikini." Kisha: "Usiku ulilala?"

Nilijiuma midomo. Alikuwa anamwachia mtu nafasi ya kujibu, na upande wa pili hakuna mtu. Nilitaka kumgusa bega nimwambie, mama, haiendi hivyo, hapa unasema yako yote kwa mkupuo. Lakini uso wake ulikuwa unasikiliza kweli kweli, nikashindwa. Alimaliza kwa kuuliza wamekula nini, akaaga, akaachia kidole, kisha akanipa simu. "Iweke pale pale chini ya picha, wote wasikie kwamba tumempigia."

"Isubiri hapo!" Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. "Umetaja mtaa wake. Umetaja ugonjwa wake. Unataka kila mpita njia ajue mzee wa watu ana sukari na anakaa wapi?"

Mkurugenzi alikuwa sahihi. Kwenye simu nyeusi maneno yalikuwa ya watu wawili. Hapa yangekuwa ya soko zima, na mimi niliyetoka sokoni ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla yake.

"Hapo umesema kweli, bosi," Mama Simu akasema. "Basi iende kwake peke yake. Inawezekana?"

"Inawezekana," nikajibu.

"Kwanza niisikilize, tuijadili, kisha—" Mkurugenzi akaanza.

"Tuma, Kipaza."

Nilimtazama Mkurugenzi. Nikamtazama Mama Simu. Nikatuma.

"Ijumaa," Mkurugenzi akasema taratibu, "msije mkashangaa mkirudi nyumbani wote wawili." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Jibu lilikuja tukiwa tunafunga madirisha. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa mshonaji. Mama Simu akauita umma wote: Fundi, karani, Mhasibu, akaenda hata kugonga mlango wa Mkurugenzi. "Njoo usikilize, bosi. Hata kama unanifukuza, fukuza umesikia."

Tukasimama kuizunguka meza yake. Nikabonyeza.

Tukasikia sauti ya Mama Simu mwenyewe, ikitoka kwenye simu nyingine, mbali kidogo, maana mshonaji alikuwa amemfungulia mama yake ujumbe wetu huku akimrekodi: "Shikamoo, mama." Na kwenye ile nafasi, sauti nyembamba ya mzee: "Marahaba. Nani mwenzangu?" Kisha Mama Simu: "Umeumia sana?" Na mzee: "Kichwa tu, na aibu. Nilianguka mbele ya wapangaji." Na Mama Simu, "Eeh... eeh... masikini." Na mzee anaendelea kusimulia, jinsi jua lilivyokuwa zuri siku ile, jinsi alivyosikia chuma kikilia, na kila akivuta pumzi Mama Simu anamwitikia hapo hapo, kana kwamba wamekaa kitanda kimoja. "Usiku ulilala?" "Nilale wapi na shingo hii?" Mpaka mwisho, Mama Simu ameaga, mzee bado anaongea.

"Mbona amenyamaza?" tukamsikia akimuuliza mwanawe. "Mwambie bado nina swali. Kile kigurudumu kilitokaje? Naogopa kukaa tena. Waniambie tu kilitokaje."

Ikaisha.

Mhasibu alikuwa anajifanya kusafisha miwani. Mkurugenzi alitazama sakafu.

Mama Simu akageuka. "Fundi, kilitokaje?"

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatafuta sana. "Nati niliikaza kwa mkono," akasema. "Nilikuwa nakwenda kuchukua spana niimalizie. Nikaitwa kikaoni. Kile cha kuchagua picha ya kuweka kwenye ukurasa. Kiliisha jioni. Nikarudi, kiti hakipo, dereva ameshakichukua. Nikadhani nilikwishakaza."

Picha ile naikumbuka. Tuliijadili mpaka viti vikatuuma, kama Mkurugenzi akae katikati au pembeni, na ikapata muhuri.

"Basi hilo ndilo jibu lake," Mama Simu akasema. "Kwake tutamwambia kwa sauti. Na pale kwenye picha tunaandika kwa wote: nati haikukazwa, kosa ni letu, kesho Fundi anakwenda."

"Haiwezekani!" Mkurugenzi akanyanyua mikono. "Mama, wafadhili wanasoma pale. Wanasheria wanasoma pale. Ukiandika 'kosa ni letu' ndiyo umekwisha. Neno hilo shirika hili halijawahi kulitoa nje."

"Litatoka leo."

"Kwa idhini ya nani?"

"Bosi." Mama Simu alishusha sauti, na tuliomjua tulirudi nyuma hatua. "Mimi simu yangu umeshaikata. Utakata nini tena? Sina cha kuogopa. Wewe unacho, na sikulaumu. Mchana umenizuia nisimwanike yule mama, umenisaidia. Jicho lako nalitaka. Ninachokataa ni lile karatasi kuzunguka vyumba wakati mtu kalala na shingo. Simama hapa. Kipaza ataandika, wewe utasoma hapo hapo, ukiona neno baya litoe, lakini huondoki na simu."

Nikaandika. Vidole vyangu, vilivyozoea kuuza magauni, vilikuwa vinateleza kwa jasho. Mkurugenzi akasoma. Akasoma tena. Fundi akasema kutoka nyuma, "Andikeni ni mimi. Msiandike 'shirika'."

"Hapana," Mkurugenzi akasema, bila kuinua macho. "Jina la mfanyakazi halitoki. Aliyekuita kikaoni ni mimi." Akanirudishia simu. "Hapo ulipoandika 'tunaomba radhi kwa usumbufu.' Usumbufu ni foleni. Huyu ameanguka. Andika 'tunaomba radhi kwa kumwangusha mama.'"

Nikabadilisha.

"Sasa weka," akasema. "Kabla sijabadili mawazo."

Msidhani baada ya hapo tulirushiwa maua. Watu waliendelea kutusema, na wengine wanatusema hadi leo. Mmoja aliandika, "Afadhali wamesema," na hiyo ndiyo sifa kubwa tuliyopata. Kesho yake Fundi alikwenda na spana zake, akakaza kila nati ya kiti kile mbele ya mzee, akamwachia spana moja ajiridhishe mwenyewe. Mshonaji naye hakuifuta picha. Aliongeza nyingine chini yake: kiti kimesimama, mama amekaa, amekunja uso kwa jua.

Ijumaa Mkurugenzi alikwenda kwenye bodi. Alirudi amelegeza tai. Ukurasa unabaki, akatuambia. Simu inakatwa kama ilivyopangwa, fedha ya laini haipo. "Na mama wa mapokezi?" nikamuuliza. Akasema ameomba abaki, awasimamie wote wanaojibu, na bodi imetaka kujua kama mama mwenyewe yuko tayari, maana si kazi yake ya zamani.

"Nina masharti," Mama Simu akasema.

"Nilijua."

"Sijibu peke yangu. Nikiumwa siku moja, watu watapiga hodi kwenye ukuta. Kila mtu humu atajibu, kwa zamu. Hakuna cha mimi mhasibu, mimi karani. Asiyeweza kuandika aongee, asiyeweza kuongea aandike. La mtu na ugonjwa wake linakwenda kwake faragha. La kosa letu linakwenda mbele ya wote. Na bosi naye ana zamu."

"Mimi?" Mkurugenzi akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Zamu yake iliangukia Jumatatu, siku ile ile mtu wa kampuni ya simu alipokuja na koleo. Alikata waya, akauviringisha, akabeba simu nyeusi kwapani. Mama Simu alimwambia afunge lango akitoka, mbwa wa jirani wanaingia. Kisha akaisogeza meza yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, mpaka mlangoni mwa karakana, ili swali la nati likija ampigie Fundi kelele bila kuinuka.

"Haya, bosi. Huyu hapa ana mtoto anayetambaa, anauliza kiti."

"Nina barua ya wafadhili namalizia."

"Barua haitambai."

Mkurugenzi akaja, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaishika simu kwa mikono miwili. Akaanza kuchapa. Mama Simu akachungulia begani.

"'Ofisi yangu inakiri kupokea.' Futa."

Akafuta. Akaitazama picha ya mtoto kwa muda, magoti yenye vumbi, kidole mdomoni. Kisha akainua shingo. "Fundi! Kile kiti kidogo cha bluu kiko tayari?"

"Bado breki!"

"Lini?"

"Kesho, usiponiita!"

Mkurugenzi akainama tena, akachapa, pole pole, midomo ikifuata kila neno. Akamaliza. Akamtazama Mama Simu, akanitazama mimi, akisubiri mmoja wetu aseme sawa. Akavuta pumzi, akatuma.

Mama Simu akaichukua simu mkononi mwake, akaipangusa kwa kanga, akageukia chumba cha hesabu.

"Mhasibu!" akaita. "Njoo, kuna mtu mlangoni kwako."